Pini Inayosema Ikizinduka

Nina diploma ya elektroniki kutoka chuo cha Ibra, na kwa miaka mitatu baada ya kuipata, kazi yangu ilikuwa kuinua jiwe.

Jiwe lenyewe si kubwa. Limefungwa matambara ya kanzu kuukuu za baba, na linaziba tundu kwenye ukuta wa falaji, ule mfereji unaopita nyuma ya shamba letu hapa Al Qabil. Maji ya falaji ni ya watu wote na yanapita njia moja, kwa hiyo kila nyumba ina zamu yake, inayopangwa na wakili wa falaji. Zamu ikifika unainua jiwe, maji yanaingia kwenye mitende yako. Zamu ikiisha unalirudisha, unashindilia matambara mpaka lisivuje, na maji yanakwenda kwa jirani. Ukichelewa, saa yako imekwenda na hakuna wa kukurudishia. Ukizidisha, umeiba. Hakuna neno la katikati.

Kabla yangu jiwe lilikuwa la mfanyakazi wetu wa Kibangali, ambaye alirudi kwao kuoa na akakaa huko huko. Kabla yake lilikuwa la baba. Baba alipasuliwa mgongo, daktari akamkataza kuinama na kubeba vizito. Mama tulishamzika. Kaka zangu wako Maskati na wake zao, na kila nikiwapigia simu kuwalalamikia wananipa jibu moja: "Si uko hapo wewe?" Ndiyo, nilikuwa hapo. Sikuolewa, sikuajiriwa, sikusafiri, na mtu wa namna hiyo katika nyumba ni kama msumari mtupu ukutani, kila apitaye anatundika kitu chake. Dereva mimi, mpishi mimi, mpanga dawa mimi, mjibu simu za benki mimi.

Lakini lililonibana kuliko yote ni lile jiwe. Zamu yetu huzunguka na kurudi kila baada ya siku kadhaa, na haitui saa ileile, kwa hiyo maisha yangu yote nilikuwa nikiyapima kwa kuuliza: nikienda, nitawahi? Rafiki yangu wa chuo aliolewa Nizwa. Nilikwenda nikiwa nimejipamba, nimepaka hina, nikaondoka kabla bibi harusi hajatoka kwa sababu zamu ilikuwa baada ya alasiri. Njia nzima niliendesha huku nalia kwa hasira. Nilipofika nilikunja nguo nikaingia mferejini na dhahabu zangu mkononi, na maji yale yalikuwa baridi na mazuri, na niliyachukia.

Kuna jambo jingine la nyumba yetu lazima nilieleze. Baba alizaliwa Unguja mjini, akaletwa huku mtoto, na mila za kule alikuja nazo zote. Ukiitwa na mkubwa, mwanamume anaitika "naam", mwanamke "labeka". Ukisema "nini?" unachapwa vidole. Kwa hiyo neno hilo hutoka kinywani mwangu kabla sijajua kama nimeitwa. Niko jikoni, baba anaita barazani: "Labeka!" Nimelala baada ya adhuhuri, baba anaita: "Labeka!", na miguu iko sakafuni kabla macho hayajafunguka. Kaka zangu walikuwa wakinichokoza nikiwa mdogo, wananiita nikiwa usingizini ili wanione nasimama kama bata mzinga, kisha wanaangua kicheko.

Basi siku moja kiwanda kimoja cha Sur kikanipigia simu. Nilikuwa nimeomba kazi mpaka nimechoka kuomba. Walitaka mtu wa kuangalia vyombo vya kupimia, na walinitaka mimi. Walinipa muda wa kujiandaa, si mrefu. Sur ni kama mwendo wa saa mbili kutoka kwetu. Nikaenda barazani kumwambia baba, kama mtu aliyefanya kosa.

Baba hakukataa. Baba yangu hakatai kitu. Alikigeuza kikombe cha kahawa mkononi, akasema, "Inshaallah, mwanangu. Jambo la kheri hilo. Na maji atafungua nani?"

"Ntatengeneza kitu kitachofungua."

"Kitu gani?"

"Mashine, baba."

"Mashine inajua zamu?"

"Ntaifunza."

Akacheka kidogo. Kisha akasema, "Haya. Ikifungua na kufunga mizunguko mitatu, weye hujaligusa jiwe, nenda Sur na radhi zangu."

Nilifanya kazi kama mtu anayechimba shimo la kutorokea gerezani. Fundi wa kuchomea wa Ibra alinikatia kibao cha chuma cha kupanda na kushuka mahali pa jiwe. Mota niliitoa kwenye mlango wa gari bovu, ile inayopandisha kioo. Nikaweka sola, betri, na bodi ndogo isiyozidi kiberiti, yenye chipu inayoshika mtandao, ili niweze kuipangia saa za zamu kwa simu yangu.

Pembeni mwa bodi ile kuna safu mbili za pini, meno madogo ya shaba. Chipu huona na kutenda kupitia meno hayo. Lakini chipu ni ndogo na kazi ni nyingi, kwa hiyo walioiunda wameipa pini moja kazi kadhaa. Pini hiyo hiyo inaweza kupima umeme, inaweza kuwasha taa, inaweza kuzungumza na kompyuta. Haiwezi zote kwa wakati mmoja. Mwenye bodi ndiye anayeiambia kwenye programu: wewe leo kazi yako ni hii. Mwalimu alitufundisha habari hiyo chuoni, nikaijibu vizuri kwenye mtihani, nikadhani nimeielewa.

Nikazigawa pini. Hii ya kusikia kama maji yapo mferejini, hii ya kushusha kibao. Ya kukipandisha nikaipa pini ya pembeni iliyobaki, iliyokuwa karibu na mota, kwa sababu waya wangu ulikuwa mfupi. Ndiyo sababu pekee.

Nikaijaribu juu ya mkeka barazani. Kibao kikapanda, kikashuka. Baba alikaa kwenye kiti chake akatazama mwanzo mpaka mwisho.

"Mashaallah," akasema. "Na hii ndo itayosimama mahala pako?"

"Ndiyo, baba."

"Zein," akasema, yaani vizuri, akageuza uso kutazama uani.

Mzunguko wa kwanza nilikaa jikoni makusudi, simu mbele yangu. Kibao kikapanda kwa saa yake, kikashuka kwa saa yake. Wa pili vilevile. Nikashusha sanduku la nguo kutoka juu ya kabati. Nikaanza kuulizia chumba Sur, chenye dirisha, nikasema, hata likitazama ukuta. Nilikuwa nimefurahi mpaka nikawa naogopa kufurahi.

Halafu joto la Juni likaingia. Siku moja baada ya adhuhuri, si siku ya zamu yetu, nikasikia hodi. Alikuwa bibi jirani, mjane, mtoto wa Unguja kama baba, mwenye shamba lililo chini yetu kwenye mfereji. Ana mitende michache na majani ya mbuzi, na hivyo ndivyo vinavyomweka mjini, kama anavyosema mwenyewe. Alikuja peke yake kwenye jua lile, na bakora yake.

"Shikamoo, bibi."

Hakuniitika. Katika maisha yangu sijawahi kunyimwa marahaba. Alipita mbele yangu akaenda moja kwa moja kwa baba.

"Maji yangu yako kwenu," akasema. "Zamu yangu sasa hivi. Mfereji wangu mkavu, mitende yenu inaogelea. Nimekukoseeni nini?"

Baba aliinuka bila ya fimbo. Tukaenda sote watatu, na mimi njiani naitazama simu, na simu inaniambia: mlango umefungwa. Tulipofika, kibao kilikuwa juu, na maji yanaingia kwetu kwa furaha, yanazunguka mashina ya mitende yetu iliyokwishashiba. Mahali mfereji unapoelekea kwa bibi palibaki tope linalong'aa.

Baba akaingia majini. Mtu aliyekatazwa kuinama alipiga magoti mferejini na kanzu yake, akalitafuta jiwe la zamani, akaliziba tundu kwa mikono yake.

"Baba, niache mimi."

"Ondoka," akasema.

Hakuwahi kuniambia neno hilo. Alipomaliza alisimama akishikilia ukuta, akamwambia bibi, "Zamu yetu ijayo chukua wewe. Na utusamehe, wallahi hatukukusudia."

"Mimi nakusameheni," bibi akasema. "Hao wataosikia, je?"

Alisema kweli. Huku mtu anaweza kusamehewa mengi, lakini nyumba ikishaitwa nyumba ya wezi wa maji, hata wajukuu watalisikia. Tuliporudi baba alisema nikaing'oe mashine, kisha akajilaza, na mgongo ukamkataa. Hakuinuka siku nyingi. Nikawa na jiwe kama zamani, na juu ya jiwe nikawa na mgonjwa wa kumgeuza, kumlisha na kumuosha miguu. Nililirudisha sanduku juu ya kabati, nikawaomba watu wa Sur waniongezee muda. Nilikuwa nimefungwa zaidi kuliko kabla sijaanza, na kamba nimeisokota mwenyewe.

Ningeacha, lakini nina roho mbaya kwa kitu kisichonieleza sababu. Kila baba alipolala nilikaa na bodi ile sakafuni. Nikaisoma programu mstari kwa mstari: sahihi. Nikaijaribu: inapanda ikiamriwa, inashuka ikiamriwa. Nikaitukana. Nikaibembeleza. Haikukosea hata mara moja, na hilo ndilo lililonitia wazimu.

Alasiri moja, kwa hasira tu, nikaunganisha kila kitu pamoja kama kilivyokuwa shambani, na mota na betri, nikachomoa betri nikairudisha. Mota ikashtuka. Kibao kikapanda upana wa kidole. Programu ilikuwa hata haijaanza.

Nikachomoa tena, nikarudisha. Kidole kingine.

Ndipo nikafungua mchoro wa pini na kuusoma kama mtu mzima, si kama mwanafunzi. Ile pini yangu ya pembeni ilikuwa na majina kadhaa yaliyopangwa ubavuni. La kwanza nililijua, ni namba yake. La mwisho sikulijali: kwamba pini hiyo ndiyo pia mdomo wa chipu. Kila chipu inapozinduka, kabla programu yako haijasema neno, hutoa maneno yake ya kuamka kupitia pini ile. Hakuna anayeyasikiliza, lakini huyatoa, kwa sababu ndivyo ilivyozaliwa. Na mota haijui maneno. Mota inaona umeme umepanda, inavuta.

Barazani sikuweza kuliona hilo, kwa sababu chuoni tulifundishwa kuwasha bodi kwanza na kuunga mota mwisho, na mimi ni mwanafunzi mtiifu. Shambani vyote vilikuwa vimeungwa moja kwa moja. Joto lilipoivimbisha betri, umeme ukawa unakatika. Bodi inazimika, inazinduka, inasema, mota inavuta. Mota ikivuta betri inazidiwa, bodi inazimika tena. Kidole kwa kidole mpaka kibao kiko juu. Na programu ilipoamka ilisema mlango umefungwa, na haikusema uongo, kwa sababu hakuna aliyeiamuru kufungua.

Nilikaa pale sakafuni nikacheka peke yangu. Kosa lilikuwa la kabla ya programu. Unaweza kuipa pini kazi uitakayo, ukaiandika vizuri, lakini ile dakika ya kuzinduka inarudi kwenye kazi yake ya kuzaliwa.

"Mwanangu!" baba akaita chumbani.

"Labeka!"

Nilijikuta mlangoni mwake na waya bado uko mkononi, sijui nimesimama saa ngapi na nimepita wapi. Alitaka maji ya kunywa. Nikampa maji, nikasubiri anywe, na hofu ikanishika, hofu hasa, kwa sababu nilikuwa nimejiona katika ile pini.

Dawa yake haikuwa kubwa. Niliuhamisha waya kwenye pini nyingine isiyo na mdomo, na nikaweka rezista, kidude cha ukubwa wa punje ya mchele, kinachoishikilia pini chini, kimya, mpaka programu iamke na kusema yenyewe inachotaka. Nikanunua betri mpya. Kisha nikafanya jambo gumu kuliko yote, nikaenda kwa bibi jirani kumwomba aje aishuhudie.

Alikuja na kigoda chake akakaa kando ya mfereji. Nikamweleza. Nikachomoa betri, nikairudisha. Kibao kimetulia.

"Nipe miye," akasema.

Akachomoa, akarudisha. Akachomoa, akarudisha. Alianza kwa kununa, akaishia kwa kuufurahia mchezo, mpaka nikahofia ataukata waya. Kibao hakikutikisika.

"Imeshika adabu," akasema. Akapangusa mikono, akanitazama. "Na ile shikamoo yako ya siku ile: marahaba."

Nililia mbele yake, sikuweza kujizuia. Baba naye alikuwa amefika, polepole, kwa fimbo. Bibi akamwambia, "Sasa muache mtoto ende zake Sur. Maji yashapata mtu."

Baba aliigusa mashine kwa ncha ya fimbo. Kisha akasema, bila ya kunitazama, "Jiwe hili angeliliinua yeyote. Wakili wa falaji aliniletea Mbangali mwengine, na baada yake mwengine tena. Nikawarudisha wote."

"Kwa nini, baba?"

"Maji sasa yana mlango wake," akasema. "Miye nikiita, ataitika nani?"

Nilimkasirikia mpaka masikio yakapata moto. Miaka mitatu. Harusi ya Nizwa. Na papo hapo nilimhurumia, mzee wa watu aliyesimama kwenye jua na mgongo uliofungwa mkanda, asiyejua njia nyingine ya kumwambia mtoto wake abaki. Hisia zile mbili zilikuja pamoja, na mimi sikuweza kuchagua moja.

Nilijiandaa hata hivyo. Mzunguko wa tatu ulipita salama, baba akanipa radhi kama alivyoahidi, na tukampata mwanamke wa Kitanga, mtu mwema, wa kukaa naye. Asubuhi ile nilimbusu mkono, nikapakia sanduku, nikawasha gari. Nilikuwa nimeshafika kwenye lango la ua aliponiita kwa jina langu.

"Labeka!"

Gari limezimwa. Niko nje. Niko juu ya kizingiti, ufunguo mkononi. Baba amesimama ndani ya mlango, naye kashtuka kama mimi.

"Aa," akasema. "Si kwa haja. Nimeita kwa mazoea tu. Nenda, mwanangu. Nenda."

Angenikataza, ningekwenda. Hilo nalijua mpaka leo. Lakini alisema nenda huku mkono umeshika upande wa mlango asianguke, na mimi nikalitoa sanduku garini. Nikawaambia watu wa Sur nitafika kesho. Kesho yake nikawaambia kesho. Walinivumilia kwa ustaarabu, kisha wakamchukua mwingine.

Mlango wa maji uko mwaka wa pili sasa, na haujakosea zamu hata moja. Wamekuja watu kutoka Al Mintirib kuutazama. Bibi jirani nimemtengenezea wake, na kila mgeni akifika anamwonyesha jinsi ya kuchomoa betri. Zamu yetu ikifika mimi huona kwenye simu kibao kinapanda, nikiwa jikoni, naandaa kahawa ya baba, na sauti ya maji naisikia dirishani. Kitu nilichokitengeneza kisimame mahali pangu kimesimama vizuri, na mimi bado niko palepale ubavuni mwake. Ipo siku hilo linanichekesha. Siku nyingi halinichekeshi.

Kitu kimoja tu nimekibadilisha. Baba akiita, neno linakuja mpaka kwenye meno, na mimi nalishika hapo. Najiuliza nilikuwa nafanya nini. Ninamaliza nilichokuwa nafanya, kisha ndipo naitika. Mwanzoni niliona kama nafanya dhambi, jasho lilikuwa likinitoka.

Wiki iliyopita walinipigia kutoka Nizwa, karakana ya pampu, wanataka kuniona Jumapili. Baba aliita nikiwa bado na simu sikioni. Sikuitika. Nikauliza saa, nikauliza mahali, nikasema nitafika, nikakata simu, nikavuta pumzi. Halafu nikaenda barazani.

"Labeka, baba."

Alikuwa ameshika kikombe kitupu. Akanitazama, si kwa hasira.

"Siku hizi unachelewa kuitika."

"Naamka kwanza, baba."

Akaninyooshea kikombe, nikamtilia kahawa.